Pancha Tatu Mahali Pamoja

Mtaani walimwita Darubini. Si kwa sababu alivaa miwani. Ni kwa sababu alimchunguza kila mtu. Kuku wake akitaga mayai mawili, Darubini angemuuliza la pili amelitoa wapi.

Kazi yake ilikuwa kupeleka chanjo za watoto. Kila Alhamisi alipanda hadi zahanati ya mlimani kwa baiskeli yake ya milimani yenye matairi manene. Nyuma alifunga sanduku la barafu. Gari halipiti njia ile. Ni mawe, ni miiba, na ni kilima kinachomfanya mtu akumbuke dhambi zake zote tangu utotoni.

Jioni akirudi, aliigeuza baiskeli miguu juu. Kisha aliyasugua matairi kwa brashi ya waya mpaka jasho likamtoka.

"Unatafuta nini humo?" mkewe aliuliza.

"Misumari."

"Misumari ya nani?"

Darubini alinyoosha kidevu upande wa pili wa njia. Pale alifanyia kazi jirani yao, seremala wa makochi. Seremala yule hubana misumari midogo mdomoni huku anagonga nyundo. Tatizo ni kwamba hupenda pia kuongea. Akicheka tu, misumari mitatu iko chini.

Sasa Alhamisi tatu mfululizo, gurudumu la nyuma lilikuwa limeisha upepo njiani. Kila mara Darubini alitoa tyubu, akaitumbukiza kwenye maji ya kijito na kutazama mapovu yanapotokea. Akakausha, akapiga msasa, akapaka gundi, akasubiri ikauke kidogo, akabandika kiraka. Kazi safi. Lakini muda nao ulikwenda.

Alhamisi ya tatu, nesi alipofungua sanduku, barafu ilikuwa maji. Kipimajoto kilikuwa kimepanda. Nesi alizitupa chanjo zote. Akina mama waliotembea tangu alfajiri wakawafunga tena watoto mgongoni, wakarudi makwao.

"Baba," nesi alisema, "ikitokea tena, njia hii nitampa mtu mwingine. Mimi sina ubaya na wewe. Ila watoto hawawezi kusubiri tairi."

Maneno hayo yalimkaa Darubini kooni kama mwiba wa samaki. Tangu siku ile, kila alfajiri alipiga magoti mlangoni kwa seremala. Alikuwa na sumaku aliyoitoa kwenye redio mbovu. Aliipitisha mchangani, akaokota misumari, akaitia kwenye kopo.

"Huu ni ushahidi," alimwambia mkewe. "Jumamosi nampelekea mwenyekiti wa mtaa."

"Mtu huyo ndiye aliyetengeneza kitanda cha mwanao!"

"Ndiyo maana anaijua nyumba yetu."

Mkewe aliona maji yamezidi unga. Jumatano asubuhi akamwita mdogo wake wa kike, ambaye ni fundi wa baiskeli. Akaja na mfuko wa vifaa begani na ulimi wake mdomoni.

"Shemeji, nasikia unapigwa vita na misumari."

"Cheka tu. Nawe nitakufikia."

Shemeji alifungua gurudumu la nyuma, akatoa tyubu. Akaitazama. Akaitazama tena.

"Hivi viraka vitatu mbona vimepanga foleni? Vinasubiri nini? Na hii alama nyekundu kwenye tairi ni ya nini?"

"Nilipaka mimi, ili fundi asinibadilishie tairi. Kila nikilirudisha, alama inakaa palepale kwenye vali."

"Yaani hata mimi unanishuku?"

"Wewe hasa."

Shemeji akacheka. "Basi leo kushuku kwako kumetufaa. Sikiliza. Msumari wa njiani hutoboa popote. Leo hapa, kesho kule. Huyu wako anatoboa palepale, karibu na alama yako, mara tatu. Adui yako hakai njiani. Anakaa ndani ya tairi."

Alichukua kitambaa, akakipitisha taratibu ndani ya tairi. Kikateleza, kikateleza, kikakwama. Akabana kwa koleo, akavuta. Kikatoka kiwaya chembamba kama unywele, kimepinda kidogo.

"Huu si msumari wa seremala," mkewe Darubini alisema.

Shemeji aliangalia ukutani. Pale ilining'inia brashi ya waya, mapengo kama kinywa cha bibi. Akakiweka kile kiwaya kando ya nyuzi za brashi. Ndugu wa baba mmoja, mama mmoja.

Mkewe Darubini alicheka mpaka akashika mlango.

"Unasugua kutafuta msumari, unaacha waya," shemeji alisema. "Ukipanda na sanduku, tairi linabonyea, waya unachoma. Wewe unaziba tyubu, ndani ya tairi hugusi. Kuanzia leo, osha kwa maji na brashi laini. Na ukiziba pancha, usirudishe tyubu kabla ya kupitisha kitambaa ndani ya tairi. Kitambaa, si kidole. Kidole kitakatwa."

"Na miiba ya mlimani je?" mkewe aliuliza. "Hiyo nayo si ya brashi."

"Dada, hiyo dawa yake ni kuondoa tyubu kabisa."

Darubini akaruka. "Upepo utakaa wapi? Mfukoni?"

"Ndani ya tairi lenyewe. Soma hapa ubavuni, na hapa kwenye ringi. Vyote vimetengenezwa kwa kazi hiyo. Visingekuwa hivyo, nisingethubutu."

Alisafisha ringi, akaikausha. Akaizungushia utepe maalumu, akauvuta ukaziba matundu yote ya spoku. Akatoboa utepe penye tundu la vali, akafunga vali mpya na kuikaza. Akarudisha tairi, akiacha sehemu ndogo wazi. Kisha akatikisa chupa na kumimina kitu cheupe.

Darubini akamshika mkono. "Unanitilia maziwa kwenye tairi?"

"Ni dawa ya tairi, shemeji. Inaziba matundu."

"Mbona nyeupe?"

"Ulitaka ya kijani?"

Darubini alinusa. Akakunja uso, akarudi nyuma hatua mbili. Shemeji akafunga tairi, akalijaza upepo kwa pampu kubwa. Tairi likakaa kwenye ringi kwa mshindo: pa! Darubini alikuwa tayari yuko chini ya meza. Kuku wa mtaa wa tatu waligoma kutaga siku mbili.

"Toka huko," shemeji alisema, akilizungusha na kulilaza gurudumu ili dawa ienee. "Najua huniamini. Chukua msumari mmoja kwenye ushahidi wako. Choma mwenyewe."

Darubini alichagua mkali kuliko yote. Akachoma, akachomoa. Psss! Tone jeupe likaruka. Shemeji akazungusha gurudumu, tundu likakaa chini. Pss... ps... kimya.

Darubini aliweka sikio kwenye tairi. Masikio yale yalisikia hata mchwa akipiga miayo. Hayakusikia kitu.

"Tundu kubwa dawa haiwezi," shemeji alimwonya. "Beba vizibo vya mpira, pampu na tyubu moja ya akiba. Na dawa hukauka. Kila miezi mitatu niite tuangalie. Umenielewa, au nawe nikutilie?"

Ikafika Alhamisi. Katikati ya kilima, pale penye mawe, Darubini akasikia: psss! Moyo wake uliisha upepo kabla ya tairi. Akashuka. Mwiba mrefu ulikuwa umechoma na kukatika. Akauchomoa, akazungusha gurudumu, akasubiri. Tone jeupe. Kimya. Akaongeza upepo kidogo, akaendelea.

Zahanati ilikuwa imejaa akina mama. Nesi alifungua sanduku. Barafu ilikuwa bado ngumu. Alitazama kipimajoto, akamtazama Darubini.

"Alhamisi ijayo?"

"Nipo!"

Watoto wakachomwa, wakalia mmoja baada ya mwingine. Darubini hakuwahi kusikia kilio kitamu namna ile.

Jumamosi alibeba kopo. Hakwenda kwa mwenyekiti. Alivuka njia.

"Jirani, misumari yako hii. Nilikushuku bure. Nisamehe."

Seremala akatema misumari yote mdomoni. "Kumbe! Mke wangu alikuona umepiga magoti mlangoni kwetu alfajiri. Akasema wewe mchawi. Mimi nikakutetea sana."

"Ulisemaje?"

"Nikasema si mchawi, ni mwizi tu."

Wakacheka, wakapeana mikono. Darubini alipogeuka kuondoka, seremala akamwita.

"Na brashi yangu ya waya je? Niliyokuazima mwaka jana?"

Darubini akasimama. Akageuka polepole. Macho yake yakaanza kusinyaa.

"Hivi, jirani... siku ile uliponiazima... mapengo yalikuwapo?"

Sauti ya mkewe ikavuka njia kama jiwe:

"Baba weee! Rudi nyumbani!"