Kikombe cha Kuonjea

Mimi napika pombe ya nafaka. Kazi hiyo ndiyo iliyosomesha watoto wangu. Miaka mitano iliyopita niliugua, ulimi wangu ukapoteza ladha. Mjukuu wangu wa kike, wakati huo ana miaka kumi na mmoja, akawa mwonjaji wangu. Kila siku ya kuchuja alikunywa kikombe kimoja cha bati, akaniambia kama pombe imeiva au bado changa. Wateja wakambandika jina, Ulimi. Tukacheka.

Alipofika miaka kumi na minne, akaanza kusahau. Ukimtuma sabuni, anarudi na chumvi. Mwalimu wake aliniita, akasema somo la jana kwa huyu mtoto leo ni geni. Nilimgombeza, nikamwita mvivu.

Kisha muuguzi mmoja akaja shuleni na utafiti. Kila baada ya miezi sita aliwasomea vijana maneno kumi na matano, nao wayarudie. Pia aliwauliza kama wanakunywa pombe. Mjukuu wangu alikumbuka maneno manne. Muuguzi akaja nyumbani na mkoba wake wa karatasi za vipimo.

Nilimsimulia habari ya kikombe bila aibu, maana sikuona kosa. Akaweka kalamu chini.

"Bibi, ubongo wa kijana bado unajengwa," alisema. "Sehemu ya kukumbuka, na ya kufikiri kabla ya kutenda, hukomaa polepole mpaka mtu avuke miaka ishirini. Pombe huvuruga ujenzi huo. Hakuna kipimo ninachoweza kukuambia ni salama kwa mtoto."

Damu ilinichemka. Nikamjibu kwamba mimi nimekunywa tangu usichana, na nawakumbuka majirani wote pamoja na vituko vyao. Akasema kama nisingekunywa, huenda ningekumbuka na vya mtaa wa pili.

"Basi niambie. Ni mimi niliyemharibu? Atapona?"

"Sijui, Bibi. Huenda ni pombe, huenda ni kitu kingine. Ndiyo maana tunapima tena na tena. Wewe acha kumwonjesha, mimi nitampima kwa miaka miwili."

Siku hiyohiyo nilitangaza natafuta mwonjaji mtu mzima. Wazee watatu walijitokeza kabla sijamaliza kusema.

Baada ya miezi sita, mtoto alikumbuka maneno saba. Halafu muuguzi akaja bila mkoba wake. Fedha za utafiti zimekatwa, alisema. Kiwanda cha bia kiko tayari kulipa, ila kisome majibu kwanza na kichague yapi yatoke. Daktari mkuu wa utafiti amekataa.

Nilikasirika. Mabango ya bia yamefika ukuta wa shule, na rangi ya kuyapaka haijawahi kukosa fedha.

Nikaenda kwenye kikao cha baraza na kikombe changu. Diwani wetu alisema utafiti ni anasa, kuna barabara za kutengeneza. Nikakiweka kikombe mezani, mbele yake.

"Hiki nimemnywesha mjukuu wangu kwa mkono wangu, kwa sababu hakuna aliyeniambia. Kila mwezi mnachukua ushuru wa pombe yangu. Sijawahi kuwasikia mkisema ushuru ni anasa. Chukueni humo, mpime watoto. Nataka kujua nimefanya nini, na sitaki anijibu mwenye kiwanda."

Diwani akatazama karatasi zake. Nyuma yangu wapika pombe wenzangu wakasimama, mmoja mmoja. Wawili kati yao walikuwa na waonjaji wa shule ya msingi, kumbe. Walisema hivyo mbele ya watu, wakilia kwa hasira.

Ilichukua vikao vitatu, na sikukosa hata kimoja. Mwishowe sehemu ya ushuru ikatengwa kwa ajili ya utafiti, na majibu yatasomwa hadharani.

Juzi muuguzi alirudi na mkoba wake. Maneno kumi na moja. Nikauliza kama ndiyo kupona. Akasema bado hajui, anahitaji watoto wengi zaidi na miaka zaidi. Safari hii sikumkasirikia. Nilimwambia asiache kupima.

Jioni nilimtuma mjukuu wangu sabuni. Alirudi na sabuni, na kiberiti pia. Kiberiti kilikuwa kimeisha, nilisahau mimi kukitaja.