Msonyo Chini ya Cherehani

Mchana ule chumbani kulisikika msonyo, na aliyekuwamo chumbani hakuwa amesonya.

Alikuwa peke yake, mguu wa kulia umefungwa plasta na kulazwa juu ya mto, gauni la wifi yake liko mapajani, mkasi mkononi. Midomo yake ndiyo kwanza ilikuwa inajikunja kulisonya lile gauni, na kabla haijafika, msonyo ukatoka. Mrefu, wa mate mengi, wa mtu mzoefu. Ulitokea chini, upande wa miguu. Akajiambia kwamba bila shaka amesonya mwenyewe bila kujijua, na hilo halikuwa ajabu, kwa kuwa mwanamke huyu alisonya kama wengine wanavyopumua.

Watu walimwita Upepo kwa sababu ya mbio. Barabarani alikuwa hodari. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Lakini mbio hizo zilimfanya aamini kwamba kila asiyekimbia ni mzigo uliosahauliwa njiani. Mumewe, fundi wa majokofu, alikuwa kikongwe kwa sababu alipanda ngazi akihema. Kocha alikuwa mwoga kwa sababu alimwambia apumzishe kisigino kilichokuwa kinamuuma. Hakukipumzisha. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na yeye ulimkatika ule mshipa mnene wa kisigino, katikati ya mazoezi, kwa mlio uliomfanya ageuke kutafuta nani kampiga jiwe. Daktari akamfunga, akamwambia mashindano makubwa ya mwaka ule ayasahau.

Basi akawekwa kitandani, na aliyemhudumia ni wifi yake, mdogo wa mumewe. Huyu alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, akicheka nyumba nzima inajua. Alimpikia, alimletea beseni la kuogea, alilimwaga, alimshika kwapa kumpeleka chooni, na jioni aliketi ukingoni mwa kitanda kumpa habari za mtaa ili asichoke na upweke. Shukrani aliyopata ni jina. Upepo alimwita Gunia, tena mbele yake, halafu anacheka ili ionekane ni utani.

"Gunia lina chakula ndani, wifi," alijibu yule mwingine siku ya kwanza. "Fimbo je?"

Kukaa bure kulimshinda Upepo. Akaagiza aletewe cherehani ya marehemu mama mkwe, ile ya kukanyaga, iliyokuwa imefunikwa shuka ukumbini. Kushona alifundishwa na mama yake, na mkono wake haukuwa mbaya. Mashati yaliyopauka aliyageuza mifuko, mapazia akayafanya blauzi, na suruali nzuri ya mume ikawa sketi bila mume kuulizwa. Alikanyaga kwa mguu wa kushoto tu, wa kulia ukiwa umenyooshwa kwenye mto.

Wifi alipoona hivyo akaleta gauni lake la kijani. Alikuwa na mchumba, na siku za harusi zilikuwa zinakaribia.

"Nipunguzie kiunoni, wifi. Kidogo tu, lisinipwaye."

"Lete. Nitakupunguza mpaka ujisahau."

Alichokusudia kilikuwa kumwadhiri. Alilipunguza likawa la msichana mwembamba, ili wifi alivae mbele ya kioo, limkwame mabegani, alie. Fundi mwenye heshima huacha kitambaa ndani ya mshono, kwa sababu mwili hubadilika na nguo huenda ikahitaji kuachiwa. Yeye aliikata ziada yote. "Ya nini? Anayo ya kutosha mwilini," alisema peke yake, na hapo ndipo ule msonyo ukasikika. Vipande alivyokata alivisukumia ndani ya ule mto wa mguu, uliokuwa umeanza kubonyea.

Wifi akalivaa gauni. Upepo alikaa tayari kusikia mshono ukipasuka. Gauni likateremka mabegani, likapita kifuani, likakaa kiunoni kama limezaliwa naye.

"Wifi, una mikono ya dhahabu!" Akajigeuza kwenye kioo, huku na huku, kwa furaha. Upepo alikasirika kweli. Akamwambia alete jingine.

Hilo la pili akalikata jembamba zaidi, na likamkaa. La tatu hivyo hivyo. Ikawa kama mashindano, na Upepo hakuwahi kukubali kushindwa katika mashindano yoyote, hata yale ambayo mpinzani hajui kama yuko uwanjani. Cherehani nayo ikawa nyepesi. Kuna mchana alijikuta ameinua mguu wa kushoto kujikuna goti, na kanyagio linaendelea, tratratratra, sindano inashuka na kupanda. Akajisifu kwamba mashine imemzoea. Chumba kilikuwa kinanuka mafuta ya mashine yaliyopata moto, na nyuma ya harufu hiyo kulikuwa na nyingine, ya jasho la mtu aliyetoka mbioni sasa hivi. Alinusa kwapa lake. Jasho lile halikuwa lake.

Majirani, badala ya kuogopa, waliuliza dawa. Walisimama mlangoni wakimpongeza wifi kwa kupungua, wakamshika mikono, wakampima kwa macho, wakaondoka na wivu. Mume naye alisema, "Umependeza, mdogo wangu." Mtu huyo akisimama getini aliweza kusikia jokofu linaloumwa ndani ya nyumba, ila dada yake akiliwa mbele ya sahani yake ya chakula hakusikia kitu.

Kwa maana alikuwa analiwa. Beseni alilokuwa analibeba kwa mkono mmoja akawa analikumbatia, anapumzika katikati ya ukumbi. Kicheko kikapungua, kikawa pumzi tu. Upepo aliyaona yote hayo na akayapa jina la maendeleo. Mpaka jioni moja wifi alipoketi ukingoni mwa kitanda kama kawaida yake, na godoro halikubonyea.

"Wifi," alinong'ona yule binti, "nahisi baridi ndani. Kama nimeachwa wazi mahali."

"Kula vizuri," Upepo alisema, na akageukia ukutani.

Wiki hiyohiyo daktari alifungua plasta, akakibonyezabonyeza kisigino, akavua miwani, akaivaa tena. Mshipa ulikuwa umeunga. Akasema hajawahi kuona kitu kama kile. Upepo alikubaliana naye, maana alikuwa hajawahi kuona mtu kama yeye mwenyewe. Aliambiwa aendelee kuulaza mguu juu ya mto, basi akaulaza, na mbele yake wifi akaweka gauni la mwisho, la harusi.

Jua lilikuwa la utosi siku aliyolianza. Alichora kiuno kwa chaki, kiuno cha mtoto, na chaki ikamponyoka ikabingirika chini ya cherehani. Akainama kuiokota. Pale chini palikuwa na miguu mitatu, wake wa kushoto umepumzika sakafuni, wa kulia umelala kwenye mto, na wa tatu uko juu ya kanyagio, mguu mtupu, mkavu, wa mkimbiaji, kucha ya kidole gumba imevilia damu kama yake inavyofanya kila baada ya mbio ndefu, kisigino kizima, ngozi inang'aa jasho, na juu ya kifundo hapakuwa na paja wala goti wala mtu, palikuwa na giza la chini ya meza ambalo mchana ule wa jua kali halikuwa na sababu ya kuwapo pale, na ndani ya giza hilo kitu kikavuta mate taratibu na kusonya.

"Mbona umeacha?" sauti iliuliza. Ilikuwa sauti yake.

"Nani wewe?"

"Wewe unakata, mimi napiga. Tumeelewana siku zote hizi bila kuulizana majina." Kanyagio likatikisika kidogo. "Maliza hilo. Kiuno chake kikiisha, kisigino chako kimekwisha pona. Utakimbia."

"Na yeye?"

"Gunia?" Sauti ikacheka kicheko kilekile alichokuwa akikicheka yeye. "Tangu lini unamuulizia?"

Na tuseme kweli, Upepo alifikiria. Aliyaona mashindano, akaiona kamba ya mwisho, akauona mkono wake ukienda kwenye mkasi. Kilichomzuia hakikuwa huruma, bali neno moja ambalo ile sauti iliongeza, kwa upole kabisa.

"Akiisha huyo, nitakuonyesha na wewe ulipozidi."

Hapo ndipo alipopiga yowe.

Mume alimleta mwanamke auzaye mkaa pembeni mwa barabara, ambaye mtaa mzima ulimdharau mchana na kufuata uganga wake ukiona mambo. Aliingia na mikono myeusi hivyohivyo, akakataa kiti, akamtazama wifi aliyekuwa amelazwa kwenye mkeka akiwa hana uzito wa kukunja mkeka wenyewe. Kisha akamtazama Upepo, kwa muda mrefu zaidi.

"Majini mengine huitwa kwa ubani," alisema. "Hili limeitwa kwa dharau. Linakaa pale mtu anapomwona mwenzake takataka. Viko wapi ulivyomkata?"

Upepo alinyoosha kidole kwenye mto.

Wembe ulipopita, vipande vikamwagika sakafuni, vya kijani, vya buluu, vya maua, na vyote vilikuwa na joto, joto la mwili. Mume aligusa kimoja, akatoka nje kutapika.

"Utavirudisha vyote," mganga alisema. "Kila kimoja kwenye nguo yake, kwa mguu wako huo uliopona. Kisibaki hata kimoja kwako. Mwenzio akijua umebakiza chake, hapo mtakuwa mmelifungulia mlango nyote wawili, na mimi msiniite."

Akaweka viganja juu ya cherehani, akaanza kusoma maneno yake kwa sauti ya chini. Kanyagio likaanza kwenda, polepole kwanza, kisha kasi, kisha kasi ambayo mguu wa binadamu hauiwezi, sindano ikakatika, gurudumu likalia, harufu ya jasho ikajaa mpaka macho yakawawasha, mapazia yakasimama wima bila upepo, na katikati ya mlio huo wakasikia nyayo, miguu mitupu ikishuka sakafuni, ikipita katikati yao, ikipiga ukumbi, ikipiga ngazi, ikitoka mlangoni na kuishika barabara, mbio, mbio, hadi masikio yakashindwa kuifuata. Mganga akafuta mikono kwenye sketi yake, akaenda kuuza mkaa.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya Upepo. Alitia sindano mpya, akafumua mishono, akarudisha vipande, akikanyaga kwa mguu wa kulia. Kila kipande kilichorudi, wifi kwenye mkeka alivuta pumzi ndefu zaidi, shavu likajaa, mkono ukapata nguvu. Na kila kipande kilichorudi, kisigino kiliuma, kwanza kama kujikwaa, kisha kama kuungua, hadi Upepo akawa anashona machozi yakidondokea kitambaa. Wifi alimwona akilia. "Pole, wifi yangu," alisema, sauti imerudi nusu. "Unateseka kwa ajili yangu." Alimaanisha alivyosema, maskini.

Kikabaki kipande kimoja cha pindo la gauni la kijani, chembamba, urefu wa kidole. Upepo alikiweka chini ya sindano. Akausikia mshipa wake ukijivuta, tayari kukatika kama siku ile barabarani. Akatazama mlangoni, mume alikuwa jikoni anapika uji, wifi amesinzia. Akakiondoa. Akakunja pindo bila hicho kipande, akalipiga mshono safi kabisa, na kipande akakisukumia ndani ya kiatu chake cha mbio, chini ya soli ya ndani.

Mtu ambaye amesamehewa asichoomba kusamehewa, akaiba tena palepale. Jini lilikwisha ondoka. Hilo alilifanya mwenyewe, na haya hakuona.

Wifi akanenepa, akacheka, akabeba beseni kwa mkono mmoja. Ila mguu wa kulia ulimgomea, na harusi ikasogezwa mbele. Aliuburuta kidogo, kisigino hakikanyagi. Majirani walisema ni unene umemrudia. Upepo alisema hivyo pia. Wakati huo alikuwa ameanza kukimbia, taratibu, kisha si taratibu, na kocha mwoga alikuwa akimsifu. Cherehani ilirudishwa ukumbini, na wifi akajifunza kuitumia ili asisumbue watu, akawa anajishonea mwenyewe, huku bado anamfulia Upepo nguo za mazoezi na viatu, kwa kuwa Upepo hurudi amechoka.

Ilikuwa asubuhi ya kawaida, mume kazini, sabuni inanuka. Wifi aliingia chumbani akiburuta mguu, mkono mmoja umeshika kiatu kilicholowa, mwingine umeshika kipande cha kijani.

"Hiki changu," alisema.

"Ni kipande tu, wifi. Kidogo tu. Hata hukuwa unakihitaji..." Upepo alikuwa kitandani, na alijisikia akiongea haraka. "Wewe hukimbii."

Wifi hakulia. Hakupiga kelele, na angepiga ingekuwa nafuu. Alimtazama Upepo kuanzia utosini hadi kisiginoni, bila haraka, kama mtu anavyotazama kitu ambacho kingepaswa kutupwa siku nyingi, na usoni mwake, ambamo hamjawahi kuwa na dharau kwa mtu yeyote, dharau ikaingia na kukaa. Ukumbini, kwenye cherehani ambayo hakuna aliyeiketia, kanyagio likashuka, likapanda, likaanza kwenda.

Wote wawili walisikia. Mmoja tu aliogopa.

Wifi alifungua utepe wa kupimia uliokuwa shingoni mwake, akaunyoosha kwa mikono miwili.

"Simama, wifi," alisema kwa upole. "Nikupime."