Mkia Ulioelekea Juani

Kila siku nyumbani kwao ilianza kwa maneno yale yale: "Dakika tano tu, bibi." Msemaji alikuwa msichana wa darasa la sita aliyelala kama gogo. Bibi yake, baada ya kuyasikia maneno hayo miaka nenda miaka rudi, aliacha kumwita jina lake, akamwita Dakika Tano. Jina likaruka ua, likafika shuleni, likakaa huko kama mwenyeji.

Wiki hiyo mwalimu wa sayansi alikuwa amewapa kazi isiyo ya kawaida. Kometi, yaani nyota yenye mkia, ilikuwa ikionekana upande wa mashariki saa kumi na moja alfajiri. Mtafiti kutoka kituo cha kuchunguza anga alikuwa akikusanya michoro ya watazamaji wengi. Kila mwanafunzi alitakiwa aitazame kwa siku sita, achore alichoona, na apime kwa ngumi ya mkono ulionyooshwa imepanda kiasi gani juu ya upeo wa macho.

"Mtaalamu mwenye darubini kubwa kama nyumba anatuhitaji sisi?" aliuliza Rula, jirani yake Dakika Tano darasani. Aliitwa Rula kwa sababu alipima kila kitu, hata kipande cha mkate kabla ya kumgawia mtu.

"Darubini ile hutumiwa kwa zamu," alijibu mwalimu. "Macho yenu hayana foleni."

Siku ya kwanza, bibi alimtikisa mjukuu wake bega. "Amka, nyota yako inaondoka!"

"Ina mkia mzito, bibi. Haiwezi kwenda mbali."

Alipozinduka, jua lilikuwa limekwisha kupanda dirishani. Basi akanywa chai, akachukua penseli, akachora duara zuri lenye mkia unaoning'inia chini kama wa kishada. Siku ile moyo ulimchoma kidogo. Siku ya pili haukumchoma. Siku ya nne aliongeza rangi, na siku ya tano akaurefusha mkia, maana aliona unapungua uzuri.

Jumatatu mtafiti alifika darasani. Alikuwa mama mfupi mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Alitandaza karatasi mezani, akawa anapitia moja moja akinong'ona, "Vizuri, vizuri." Ghafla akazitenga karatasi sita kando. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Nani kachora hizi?"

"Dakika Tano!" darasa zima lilijibu.

"Njoo, mwanangu. Unajua umeona nini? Mkia wa kometi husukumwa na mwanga na upepo wa jua, kwa hiyo huelekea mbali na jua. Alfajiri jua bado liko chini, ndiyo maana wenzako wameuchora ukipanda juu. Wewe umeuchora ukishuka kwenye jua, siku zote sita! Mkia wa namna hiyo huonekana kwa nadra sana." Tayari alikuwa ametoa simu. "Kesho darubini kubwa ni zamu ya mwenzangu aliyeisubiri mwaka mzima. Itabidi atupishe."

Dakika Tano alirudi nyuma hatua moja.

"Ulisimama wapi ulipotazama?" aliuliza mtafiti, huku akibonyeza namba.

"Ki... kitandani."

"Kitanda mlikitoa nje?"

Wanafunzi walicheka. Mwalimu wa sayansi hakucheka. Alikuwa ameinama juu ya karatasi. "Hebu subiri. Siku ya tatu mvua ilinyesha mpaka viatu vikaelea barazani. Rula ameandika, 'Mvua, nimelowa.' Wewe umeandika, 'Anga safi sana.'"

Simu ilikuwa ikiita. Dakika Tano alimfikiria yule mtu aliyengoja mwaka mzima, kisha anyang'anywe zamu kwa ajili ya mkia uliochorwa kwenye meza ya chai. Machozi yakamtoka.

"Usimpigie! Sikuiona hata siku moja. Nilikuwa nimelala. Nimetunga yote, hata rangi!"

"Haloo?" sauti ilisikika kwenye simu.

"Haloo," alisema mtafiti taratibu. "Hapana, nilikuwa nakusalimu tu. Hujambo? Haya, kazi njema." Akakata. Kisha akazipiga mstari karatasi zote sita, kwa kalamu nyekundu. Hakugomba, na hilo ndilo lililouma zaidi. "Imebaki siku nne kabla haijafifia. Ijumaa nitarudi. Niletee ulichoona, hata kikiwa ukuta."

Jioni Dakika Tano alimweleza bibi kila kitu. "Kesho asubuhi usiamini neno lolote litakalonitoka."

"Hata ukisema unaumwa?"

"Hasa nikisema naumwa."

Na kweli bibi hakuamini malalamiko yake ya usingizini. Alfajiri alimtoa kitandani na blanketi lake, akamsimamisha uani kama gunia. Mashariki palikuwa na mawingu matupu. Siku ya pili, mawingu tena. Mkono ulimwasha kuchora japo kamkia kadogo, lakini akaandika, "Mawingu. Sikuona kitu."

Siku ya tatu anga lilifunguka. Alitafuta mpaka shingo ikamuuma, halafu akaiona: alama hafifu, kama chaki iliyopakazwa kwa kidole ubaoni. Haikuwa na rangi wala haikung'aa. Mkia wake mfupi ulielekea juu.

"Bibi, ndiyo ile!" alipiga kelele mpaka jirani akafungua dirisha. "Ni mbaya kweli! Njoo uone!"

Akanyoosha mkono, akapima. Ngumi moja na nusu. Siku ya nne akapima tena, ikawa imeshuka.

Ijumaa mtafiti alizisoma karatasi zake nne kwa makini, mbili za mawingu na mbili za alama hafifu. Akaziweka zote pamoja na za wenzake.

"Na za mawingu pia unachukua?" aliuliza Dakika Tano kwa mshangao.

"Hizo ndizo zinazonifanya niziamini hizi nyingine," alisema mtafiti. Akawageukia wanafunzi wote. "Sikilizeni, wanangu. Kutoona si kosa. Hata mimi na darubini yangu tumekesha mara nyingi tukatoka mikono mitupu. Kosa ni kusema umeona usichokiona, kwa sababu yupo mtu mahali fulani atakayekuamini, na kazi yake ataijenga juu ya neno lako."