Picha ya Kiti cha Bosi

Watu wa Kathonzweni, kule Makueni, walijua jambo moja kuhusu Justus. Justus ni meneja Riyadh. Ukiwauliza wamejuaje, watakuingiza sebuleni kwa mkewe, Peris, wakuonyeshe picha ukutani. Ndani ya picha Justus amekaa kwenye kiti kikubwa cheusi. Amevaa tai nyekundu. Mbele yake kuna meza pana na kalamu mbili za rangi ya dhahabu.

Sasa nikwambie ukweli. Kiti kilikuwa cha bosi. Meza ilikuwa ya bosi. Hata tai aliikuta imening'inia nyuma ya mlango. Siku hiyo Justus alikuwa ametumwa ofisini kuchukua mkoba. Akakuta hakuna mtu, akamwomba mfagiaji ampige picha upesi upesi. Alikaa pale nusu dakika tu. Lakini nusu dakika ile ilimpokonya mtoto wake kitu ambacho hakijarudi hadi leo.

Justus ni dereva wa nyumbani. Anaamka alfajiri na kupangusa vumbi kwenye gari. Anapeleka watoto wa bosi shuleni, anampeleka madam sokoni, anarudi tena shuleni. "Yalla, Justus!" wanamwita, naye anatoka mbio. Analala katika chumba kidogo kando ya geti. Kwa miaka tisa hajawahi kukwaruza gari hata mara moja. Hiyo ni kazi ya heshima, jamani. Aibu iko wapi hapo?

Lakini Justus aliona aibu. Akipiga simu nyumbani, alisema, "Leo nimechoka. Nilikuwa na mikutano mitatu." Mikutano gani? Alikuwa amekaa garini nje ya duka, akimngoja madam.

Mtoto wake wa kwanza ni binti, Winfred, ambaye nyumbani humwita Winnie. Wakati huo Winfred alikuwa na miaka ishirini na minne, na alikuwa amemaliza diploma ya kilimo. Kwao ni pakavu. Mvua ikikataa, nyanya zote zinakufa shambani huku watu wakitazama. Winfred aliumia sana kuona hivyo. Basi aliposikia kuna ufadhili wa kusoma Uhispania mwaka mmoja, akaomba.

"Baba, ni mji unaitwa Murcia," alimwambia kwa simu. "Ni pakavu kama kwetu. Lakini wanapitisha maji kwenye mipira, tone kwa tone, na wanavuna mboga mwaka mzima!"

"Na huko wanaongea Kiingereza?"

"Kihispania, Baba. Nimeanza kujifunza kwa simu. Nina daftari langu. Sikiliza: buenos días, papá!"

"Ati nini?"

"Nimekusalimia!"

Justus akacheka hadi machozi. Alifurahi kweli. Mtu asikwambie kwamba hakumpenda mtoto wake.

Miezi mitano ikapita. Siku moja Winfred akapiga simu akipiga kelele za furaha. "Wuui, Baba! Nimepita! Tumebaki watu kumi na wawili, na nafasi ziko kumi. Wanataka vitu viwili kutoka kwako, kuthibitisha kazi ya mzazi. Barua ya kazi, na nakala ya ikama yako. Wametupa siku kumi na nne."

Ikama ni kile kitambulisho cha mfanyakazi mgeni Saudia. Inaonyesha jina lako, kafili wako, yaani mwajiri anayekudhamini, na kazi yako. Na ya Justus ilisema dereva.

"Kwenye fomu uliandika mimi nafanya kazi gani?" akauliza.

"Si meneja wa usafirishaji? Ndivyo unavyosema siku zote."

Hapo ndipo Justus angesema. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Angesema, "Mwanangu, badilisha hapo, mimi ni dereva." Badala yake akasema, "Sawa. Nitaituma."

Siku ya tatu Winfred akauliza. Justus akajibu, "Bosi amesafiri." Siku ya sita akasema mtandao unasumbua. Siku ya tisa hakupokea simu. Na bosi, ambaye watu humwita Baba Turki, alikuwa nyumbani muda huo wote, anakunywa kahawa yake.

Ijumaa hiyo Justus akaenda mtaa wa Manfuha kumwona rafiki yake Griffins, dereva mwenzake. Akamweleza yote.

"Hiyo ni shida?" Griffins akasema. "Pale mtaa wa Al-Dirah kuna mtu anachapa barua. Atakuandika meneja, hata waziri ukitaka. Anaweka na muhuri."

"Na ikama? Ikama imeandikwa dereva."

"Imeandikwa kwa Kiarabu, ndugu yangu! Wazungu wa Uhispania watasoma Kiarabu wapi?"

Justus alijua si sawa. Moyo ulimwambia, na aliusikia. Lakini aibu ilikuwa kubwa kuliko moyo. Jumamosi barua ilikuwa tayari. Jumapili akaituma pamoja na nakala ya ikama. Winfred akamjibu kwa ujumbe wa sauti: "Asante, Baba! Wewe ni baba wa kweli!"

Wiki mbili baadaye simu ikalia. Justus alikuwa anaosha gari. Alisikia kwanza kilio, kisha sauti.

"Wamenitoa, Baba."

"Kwa nini?"

"Wana mtu anayesoma Kiarabu. Barua inasema meneja. Ikama inasema dereva. Wamesema nimeleta karatasi ya uongo. Na wamesema nisiombe kwao tena, maishani. Baba, wewe ni dereva?"

Justus alishika kitambaa chenye maji.

"Si udereva unaoniuma," Winfred akasema. "Ningeandika dereva, Baba. Ni neno moja tu. Ningeandika kwa furaha."

Akakata simu. Tangu siku hiyo hakumpigia tena.

Mwezi uliofuata, madam alikwenda Jeddah kumtembelea dada yake. Justus ndiye aliyeendesha gari, kutwa nzima. Katika nyumba ile ya Jeddah alifanya kazi mama mmoja kutoka Busia, jina lake Rosebellah. Zamani alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Wakenya wengi wa mtaa wa Bani Malik walimpigia simu kila walipokwama na fomu. Walimwita Mwalimu, na Justus alimjua kutokana na safari za nyuma.

Rosebellah alimpelekea Justus chakula uani. Baada ya saa moja alirudi na kukuta sahani haijaguswa.

"Baba Winnie, wali wangu una kasoro gani?"

"Wali ni mzuri, Mwalimu. Mimi ndiye mwenye kasoro."

Justus akaeleza. Alieleza yote, hata tai nyekundu. Rosebellah alisikiliza huku akianika mashuka. Hakumhurumia haraka.

"Wahenga walisema mficha uchi hazai," akasema mwishoni. "Umeficha kazi yako miaka tisa. Sasa ona, aliyekosa ni mtoto."

"Usiniseme hivyo, Mwalimu."

"Nitakusema. Nisipokusema mimi, nani atakusema? Huyo Griffins?" Akabana shuka kwa kibanio. "Haya, nisikilize. Barua ya kazi hainunuliwi. Inatoka kwa kafili wako. Iwe na jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, namba ya ikama, kazi unayofanya na tarehe uliyoanza. Kafili aweke sahihi na namba yake ya simu. Kisha uiweke kando ya ikama na ulinganishe neno kwa neno. Huko ng'ambo watu wanasoma kila kitu. Wasipojua lugha, wanatafuta anayeijua."

"Niliogopa Baba Turki atakataa. Nilidhani ataona nataka kutoroka."

"Ulimwuliza?"

"Hapana."

"Basi ulijikatalia mwenyewe! Kuna makafili wagumu, sikatai. Akikataa, unawaandikia wenye shule mapema, unawaeleza ukweli, unawauliza watakubali karatasi gani nyingine. Lakini kwanza unaomba. Na unaomba siku ya kwanza, si ya kumi na tatu."

"Sasa nitafanya nini? Mambo yameisha."

"Ya Winnie huenda yameisha," Rosebellah akasema, na sauti yake ikapoa. "Lakini waandikie wale watu. Sema uongo ulikuwa wako, si wa mtoto. Jina lake lisibaki chafu kwa sababu yako. Halafu mwambie mkeo. Halafu uombe barua ya kweli, uiweke. Una mtoto mwingine?"

"Nina Alvin. Anasoma kilimo pia."

"Basi kula wali."

Jioni ile ile Justus akampigia Peris. Alitarajia kelele. Peris akashusha pumzi tu.

"Nilijua, Baba Winnie. Kila ukipiga simu uko ndani ya gari. Meneja gani hatoki garini? Nilinyamaza kwa sababu uliipenda sana hiyo picha." Kisha akasema, "Nami nina makosa. Ningesema mapema, mtoto angekuwa anafunga mizigo."

Waliporudi Riyadh, Justus akamwendea Baba Turki. Alimweleza anachotaka na kwa nini. Mzee akamwita kijana wake wa ofisini kwa simu, barua ikachapwa, kijana akaja nayo, mzee akaweka sahihi. Mambo yote yalikwisha kabla kahawa haijapoa.

"Halas?" mzee akauliza.

"Halas, baba, yamekwisha. Asante."

"Binti amekosa shule kwa karatasi hii? Kwa nini hukuniambia?"

Justus akatoka nje. Alikaa ndani ya gari bila kuwasha injini. Jambo aliloliogopa siku kumi na nne lilikuwa la dakika chache. Hilo lilimuuma kuliko kilio cha Winfred.

Aliwaandikia wenye shule. Rosebellah alimsaidia kwa simu, sentensi moja moja. Jibu likaja baada ya wiki tatu. Walimshukuru kwa kusema ukweli. Waliandika kwamba wanajua sasa Winfred hakujua lolote. Lakini nafasi yake alikuwa amepewa mtu mwingine, na kanuni ni kanuni. Karatasi ya uongo ikishaingia, mwombaji harudi. Ndugu yake anaweza kuomba, wakasema, akileta karatasi za kweli.

Alvin aliomba mwaka uliofuata. Safari hii fomu iliandikwa: "Kazi ya baba: dereva." Barua na ikama zilitumwa siku ya pili tu. Zilisomwa zote, na zililingana. Alvin akapita.

Huyu Alvin, acha nikwambie, alikuwa kijana wa kujificha nyuma ya mlango wageni wakija. Hata chai hakujua kupika. Miezi mitatu Murcia, akaanza kutuma picha za sufuria yake. Alipotea mjini mara mbili, akauliza njia kwa Kihispania, akafika. Darasani aliinua mkono na kumwambia mwalimu kwamba hajaelewa. Peris alipoambiwa hivyo hakuamini. Kila wiki Alvin alimchorea Winfred jinsi mipira ya maji inavyolazwa, na Winfred akailaza nyuma ya nyumba. Mwaka huo mvua ilikataa tena, lakini nyanya za Peris hazikufa.

Na ile picha ya kiti cha bosi? Winfred aliishusha mwenyewe. Mahali pake akatundika nyingine aliyoituma Justus. Amesimama kando ya gari, kitambaa begani, anatabasamu kwa haya kidogo.

Siku moja mchana Justus alikuwa nje ya shule, akingoja watoto wa bosi. Simu ikalia. Alvin alikuwa ametuma video. Amesimama mbele ya darasa, anajieleza. Akasema, bila kutetemeka, "Mi padre es conductor. Trabaja en Riad." Chini yake alikuwa ameandika: "Baba, nimewaambia, baba yangu ni dereva. Anafanya kazi Riyadh."

Justus aliitazama mara nne. Alilia, na hakujali nani anamwona. Akampigia Alvin.

"Umekijua lini Kihispania hivyo?"

"Ni Winnie, Baba. Alinifundisha kila jioni kabla sijaondoka. Alinipa daftari lake. Hiyo sentensi iko ukurasa wa kwanza kabisa. Ila alikuwa ameandika meneja. Amelikata neno hilo kwa kalamu nyekundu, akaandika dereva juu yake."

Justus aliaga. Akakaa kidogo, kisha akapiga namba ya Winfred. Siku hizo walikuwa wakiongea, lakini maneno machache, ya salamu na ya nyanya.

"Winnie," akasema. "Lile daftari lilikuwa lako."

"Ndiyo, Baba. Lilikuwa langu."

"Nisamehe, mwanangu."

Upande wa pili alisikia kuku wa nyumbani. Alisikia maji yakimiminwa ndooni.

"Nimekusamehe, Baba," Winfred akasema. "Lakini bado nakumbuka maneno yote ya daftari lile."

Kengele ya shule ikalia. Watoto wakaanza kutoka, mikoba mgongoni.

"Nasikia kengele," Winfred akasema. "Nenda, Baba. Usichelewe kazini."