Mtetemo wa Mzee Aatos

Kitetemeshi kilipimwa Jumatatu saa tatu na nusu asubuhi. Kilipaswa kutikisika mara themanini kwa sekunde. Skrini iliandika tano.

Saimi Rantakokko alikifungua, akabadilisha waya, akatia mota mpya kabisa kutoka kwenye boksi. Tano. Alikishika kiganjani akahisi kinavyopiga, polepole, kama mkono wa mzee anayejaribu kutunga uzi kwenye sindano. Akakitua mezani upesi na kujifuta kwenye koti, ingawa hakikuwa na uchafu.

Vitetemeshi ndivyo vilivyokuwa kazi ya maabara ya Harjunlahti. Mtu hufungwa kimoja juu ya kano ya kiwiko, akafunikwa macho, na hapo kano hudanganyika: mkono umelala mezani, mwenyewe anaapa unanyooka, na kwa mkono wa pili anaonyesha unakoelekea. Kwa njia hiyo Dokta Ilpo, mkuu wa maabara, alichunguza jinsi mwili unavyojijua, apate kuwasaidia waliopooza.

Siku hiyo aliyejitolea kupimwa alikuwa Pirkka, mzimamoto mwenye mizaha.

"Saimi, mbona umenipa bisibisi?" aliuliza akiwa amefunikwa macho.

"Sijakupa kitu."

"Ninayo hapa. Nakaza skrubu. Ukinilipa keki nitakurekebishia maabara nzima."

Mkono wake wa kushoto ulianza kuonyesha. Ulizungusha hewa taratibu, kwa ustadi ambao Pirkka, aliyeshindwa hata kupigilia rafu ya jikoni kwake, hakuwa nao. Kisha sauti yake ikashuka.

"Nitolee hiki kitu. Kuna mtu amevaa mkono wangu."

Chumba kilinuka peremende za utomvu wa msonobari. Pale kazini mtu mmoja tu alikuwa akizimung'unya, naye walimzika Februari.

Aatos Kivelä alikuwa fundi saa kabla ya kuwa fundi wa maabara, na vitetemeshi vya kwanza alivitengeneza yeye. Uzeeni mikono yake ilitetemeka, ila ikigusa chuma ilitulia. Mwaka mmoja kabla ya kifo chake, Saimi alisahau kuzima kifaa, mota ikapata moto, ikamuunguza mama mmoja aliyekuwa akipimwa. Alipoulizwa alijibu maneno machache tu: "Aatos ndiye aliyekifunga. Mnajua mikono yake." Mungu atusamehe, wengi wetu tungesema hivyo hivyo. Wakamwachisha mzee kazi, wakamuaga kwa kahawa na keki. Aliila keki yote, krimu ikimdondokea kifuani, na hakuna aliyemtazama.

Saimi alikuwa muumini. Katika ushirika wao, mwenye dhambi humwambia muumini mwenzake, naye humtangazia msamaha. Baada ya mazishi alimwambia Martta, rafiki yake wa nyumba ya sala. Martta alimkumbatia shingoni akasema, "Amini, umesamehewa." Saimi alilia, akarudi nyumbani, akalala vizuri, akahesabu kwamba jambo limekwisha.

Jumapili iliyofuata kipimo cha Pirkka, mchana kweupe, kwenye nyumba ya sala, alifumba macho asali pamoja na wengine, na mara mkono wake wa kulia ukapotea, haukufa ganzi wala haukuuma, ulipotea tu, akautafuta kwa mawazo kwenye paja, kwenye kitabu cha nyimbo, kwenye ubao wa benchi, na alipouhisi tena ulikuwa mbali mno, ng'ambo ya ukuta, chini, mahali penye baridi na unyevu, na vidole, ambavyo havikuwa tena vidole vyake, vilikuwa vimeshika kitu chembamba cha chuma na kukizungusha, kidogo kidogo, kama mtu anayefungua skrubu za kifuniko akiwa upande wa ndani.

Akafumbua macho. Mkono ulikuwa pajani, ukitetemeka.

"Unaumwa?" Martta alinong'ona.

"Husikii harufu ya msonobari?"

"Hapana. Saimi, unanitisha."

Tangu hapo hakuweza kuomba akiwa amefumba macho, na kazini hakuweza kushika hata koleo. Mkono ulikuwa riziki yake. Mwishowe, kwa aibu, maana watu wa ushirika wake hawakupenda mambo hayo, alimwendea Hellevi, mpiga chuku wa kijijini. Hellevi alimkalisha kwenye benchi la sauna, akamchanja mkono, akabandika pembe. Damu ndani ya pembe ilicheza. Bibi aliitazama muda mrefu, akahesabu midundo kwa midomo.

"Huyu si jini wa kupita," alisema. "Ni mtu, na ana haki yake. Ulimfanya nini?"

Saimi alimwambia yote. "Lakini nilishatubu, bibi. Nilisamehewa."

"Na hao waliokusamehe, binti, uliwaibia nini?"

Saimi alitaka kuuvuta mkono; bibi akaushikilia.

"Uongo uliusemea wapi?"

"Kwenye chumba cha kahawa. Mbele ya wote."

"Basi nenda huko. Mimi damu naweza kuitoa. Yeye siwezi."

Kesho yake saa nane, wafanyakazi wote saba wakiwa mezani, Saimi alisimama. Mkono ulimpiga ubavuni.

"Aliyemuunguza yule mama ni mimi," alisema. "Nilisahau kuzima. Mzee Aatos hakuwa na kosa. Nilimsingizia kwa sababu mikono yake ilinirahisishia."

Hakuna aliyeinua uso. Dokta Ilpo akatua kikombe.

"Kaa, Saimi. Mambo ya zamani hayo. Mashine huandika kila inapowashwa, na nani kaiwasha. Niliyasoma siku ile ile."

"Ulijua?"

"Nilitakiwa kupunguza mtu mmoja. Mzee angeondoka tu, leo au kesho. Na marehemu hashtaki."

Hapo mkono wa Saimi ukatulia. Aliuhisi ukirudi mahali pake, wenye joto, wake mwenyewe, na kabla hajamshukuru Mungu harufu ya utomvu wa msonobari ilipita mbele yake kama mtu anayeomba njia, ikazunguka meza, ikasimama.

Ilpo alikunja uso. Aliangalia chini ya meza, akaangalia begani, akageuka kama mtu aliyedondosha kitu. Kiganja chake cha kulia kilikuwa mbele yake, kando ya kikombe, kikigonga ubao, mara tano kila sekunde.

"Saimi," alinong'ona, "mkono wangu uko wapi?"