Kinamasi Kisicho na Mwenyewe

Siku ya kuchuna chai, Kagure hakuwa mtu wa kusimamishwa njiani. Alichuna mapema, akajaza gunia, akalibeba mgongoni kwa kamba ya kichwani. Kisha akateremka mbio hadi mto mdogo wa Gakindu. Kituo cha chai kilikuwa ng'ambo. Lori la kiwanda halikufika upande wao kwa sababu hapakuwa na daraja. Palikuwa na magogo mawili tu, yenye utelezi kama sabuni.

Gunia likilowa, karani wa chai aliyakataa majani. Gunia likichelewa, majani yalipata joto na kuwa mekundu, na karani akayakataa vilevile. Siku kama hiyo Kagure alirudi na gunia lake, akayamwaga majani chini ya migomba huku akisonya.

Lakini mto huohuo ndio uliomlisha. Juu kidogo ya magogo palikuwa na kinamasi, yaani ardhi ya majimaji isiyokauka mwaka mzima. Matete yalimea hapo, pamoja na mikindu. Pembeni mwake Kagure alikuwa na shamba la nduma, yaani magimbi. Aliachiwa na mama mkwe wake, aliyemwambia, "Chai ni ya kiwanda. Nduma ni ya watoto." Hata kiangazi kikali kilipochoma mahindi, nduma hazikumwangusha. Aliwalea watoto wake wote kwa nduma hizo, na alizipenda kama mtu anavyompenda ng'ombe mzuri wa maziwa.

Mume wake, Naftaly, alikuwa mwenyekiti wa kamati ya barabara. Alikuwa mtu mwema na mchapa kazi. Tatizo lake lilikuwa moja: akishika neno, hata punda hamshindi kwa ukaidi.

Jumapili moja, baada ya ibada, watu walikutana nje ya kanisa kuamua barabara ipite wapi. Kiwanda kilikuwa kimeahidi kuleta lori upande wao, mradi tu kivuko kisimame imara hata wakati wa mvua.

"Mimi naona tupite Mwambani," alisema Kithaka, mzee mfugaji anayeishi chini zaidi kando ya mto. "Mto hapo ni mwembamba, na chini ni jiwe tupu."

Naftaly alikohoa. Njia ya Mwambani ingekula mistari mitatu ya chai, na chai hiyo ilikuwa yake.

"Huko ni mbali, mzee," alisema. "Na tutakata mashamba ya watu. Si tupite hapo kwa kinamasi? Hapo hapana mwenyewe. Hakuna mtu atalia."

Watu walipiga makofi. Uamuzi usiomgharimu mtu hupendwa na wote. Kagure alijua vizuri mumewe alikuwa akiilinda chai yake. Alitaka kusimama aseme. Lakini aliitaka barabara pia, tena sana. Alijiambia kwamba nduma zake ziko pembeni, hazitaguswa. Akanyamaza.

Kazi ilianza. Wanaume walifyeka matete na mikindu. Walilaza magogo ya mikaratusi juu ya matope, wakamwaga udongo na changarawe. Wanawake walibeba mawe kutoka kilimani, na Kagure hakuachwa nyuma. Mwishowe waliweka kalvati moja, yaani bomba la saruji la kupitisha maji chini ya barabara. Kuchimba matopeni kulikuwa kazi ya kuvunja mgongo, kwa hiyo waliiweka juu, mahali pakavu.

Siku ya kumaliza, mchungaji aliomba, mbuzi akachinjwa, na Naftaly akatembea juu ya barabara mpya mikono nyuma kama mkaguzi.

Kisha mvua ya Aprili ikaja.

Maji ya Gakindu yaliikuta barabara imesimama njiani kama ukuta. Kalvati ilikuwa moja, tena ndogo, tena juu. Maji yakakosa pa kupita, yakarudi nyuma, yakapanda. Kagure alipofika shambani, hakuona shamba. Aliona ziwa. Ncha za majani ya nduma zilichungulia kidogo tu. Baada ya siku kadhaa, hata hizo zikazama. Alipovuta shina moja, lilitoka mkononi limeoza na kunuka. Kagure alikaa kwenye majani yenye maji akalia.

Maji hufuata mkondo. Ukiyazuia, yatajitafutia mwingine. Alasiri moja yalipenya kando ya kalvati, yakala udongo, na barabara yote ikakatika kwa kishindo. Tope jekundu likateremka hadi kwa Kithaka na kujaza kisima chake cha kando ya mto. Ng'ombe wake wakanusa maji, wakageuza vichwa.

Kithaka alipanda kilima akiwa na chupa ya maji mekundu. Aliiweka mbele ya Naftaly, pale barabara ilipokatika.

"Mwenyekiti, kunywa," alisema.

Naftaly hakunywa.

"Hata kabla ya mvua, maji yalikuwa yamepungua kwangu," Kithaka aliendelea. "Nikafikiri ni kiangazi. Kumbe ni nyinyi."

Wakati huo Winfred alikuwa amerudi. Winfred alikuwa jirani yao, binti aliyesomea mambo ya maji na kuajiriwa na chama cha watumiaji wa mto. Miezi yote ya ujenzi alikuwa Kiritiri, akisaidia watu wa huko kuhifadhi maji. Kagure alimwita waje watazame pamoja. Wanakijiji wengi wakaja nyuma yao.

Winfred alivua viatu, akaingia matopeni hadi magotini. Aliinuka na donge la udongo mweusi lenye mizizi. Alilikamua, na maji yakatiririka kati ya vidole vyake.

"Tata, umeona?" alimwambia Kagure, akimwita shangazi kwa heshima. "Kinamasi ni kama godoro. Mvua ikinyesha, kinanyonya maji. Mafuriko yanapungua nguvu. Jua likiwaka, kinayaachilia polepole. Ndiyo maana nduma zako hazikukauka, na mzee Kithaka alikuwa na maji Februari."

"Na hayo matete?" aliuliza Kagure.

"Ni chujio. Ukichuja uji, makapi yanabaki juu, si ndiyo? Matete yanashika tope. Nyinyi mmefyeka chujio, mkakanyaga godoro, halafu mkaliwekea mlango mdogo kama wa kuku. Maji yangefanya aje?"

Watu walicheka kidogo, cheko la aibu.

"Lakini tunahitaji barabara, Winfred," alisema Naftaly. "Ama unataka tuendelee kutembea juu ya magogo?"

"Hapana, mzee. Barabara tutajenga. Lakini kinamasi tunakizunguka, hatukipiti. Mto tunauvuka mahali ni mwembamba na chini ni pagumu. Tunaukata moja kwa moja, si kwa mshazari, ndiyo tuguse ukingo kidogo tu. Na kabla ya kuchimba, tunaomba kibali kwa watu wa maji na wa mazingira. Si cha kutusumbua. Wanakuja kuangalia, kama hivi."

"Hapo mahali ni wapi?" mtu mmoja aliuliza.

Winfred alitazama upande wa Mwambani. Macho yote yakamgeukia Naftaly, na Naftaly akatazama vidole vyake vya miguu.

Kesho yake asubuhi, Kagure na mumewe walikuwa shambani wakichuna chai. Walifika kwenye mistari mitatu ya mwisho, ile inayoshuka Mwambani. Kagure alisimamisha mikono.

"Baba Mugendi, hii chai nani huichuna?"

"Si ni wewe."

"Na nani huibeba?"

"Ni wewe, Mama Mugendi."

"Basi sikiza. Mgongo ni wangu. Kama kuna mtu wa kulilia hii mistari, ni mimi, na mimi siililii. Ninalilia nduma za mama yako. Ulisema kinamasi hakina mwenyewe. Mimi nilikuwa nani huko? Kithaka na ng'ombe zake ni nani?"

Naftaly alishika jani moja la chai, akalizungusha kati ya vidole. Alimkumbuka mama yake ameinama kinamasini, gauni limefungwa kiunoni, akimtupia nduma ndogo ili azioshe.

"Watu watanicheka," alisema mwishowe. "Watasema nilikuwa ninaficha chai yangu."

"Wameshacheka," alisema Kagure. "Hiyo imeisha. Sasa ni kujenga."

Jumapili iliyofuata Naftaly alisimama mbele ya watu. Hakutoa hotuba. Alisema alikosea, na kwamba alikuwa ametoa mistari mitatu ya chai. Kisha akawaongoza hadi Mwambani, akavua koti la kanisani, akashika jembe, na kuanza kung'oa shina la kwanza. Shina la chai halitoki kwa upole. Lilimtoa jasho mbele ya kanisa zima. Lilipong'oka, wanawake walipiga vigelegele, na Kithaka akashika shoka na kuanza la pili.

Kibali kilipatikana. Mhandisi wa barabara alikuja kupima, akamuuliza Kithaka mafuriko makubwa aliyowahi kuona yalifika wapi. Kithaka alionyesha alama juu ya jiwe. Basi waliamua nafasi ya maji iwe kubwa kuliko alama hiyo. Badala ya kalvati moja nyembamba, fundi angejenga masanduku matatu mapana ya zege.

Walingoja kiangazi, mto ulipokuwa mdogo. Waliyachepusha maji upande mmoja kwa magunia ya mchanga, ili yaendelee kutiririka kwa Kithaka wakati fundi akifanya kazi upande wa pili. Saruji ilichanganywa mbali na mto, juu kabisa, ili maji yake makali yasiue vyura na samaki.

Fundi alipoanza kuchimba chini ya usawa wa mto, Naftaly alishangaa.

"Winfred, mbona tunazika hii kitu?"

"Tunaizika kidogo, mzee. Mto wenyewe utaleta mchanga na mawe, utajitandikia ndani. Maji yatapita kama hayajui kuna barabara. Ile ya kwanza mliiweka juu, maji yakakwama."

Mitaro ya barabara nayo haikuelekezwa mtoni. Waliikunja ikamwaga maji kwenye nyasi kabla ya kufika chini, ili tope libaki huko. Kwenye kingo walipanda nyasi na mikindu. Mtu mmoja alileta miche ya mikaratusi. Winfred alimrudisha nayo kwa upole, akamwambia mti huo unakunywa sana na haufai kando ya mto.

Kazi kubwa zaidi ilikuwa kukiponya kinamasi. Ilibidi udongo wote, magogo na mawe vitolewe. Wanawake waliobeba mawe kwenda kinamasini sasa waliyabeba kwenda Mwambani, yakalinde kingo.

"Haya mawe yametembea kuliko mwenyekiti," alisema mmoja wao, na hata Naftaly, aliyekuwa amebeba jiwe kubwa kuliko yote, alicheka hadi akalitua.

Udongo ulipoondolewa, maji yalirudi polepole mahali pake. Matete yakachipua yenyewe. Kagure aliomba miche ya nduma kwa dada yake, akaipanda pembeni tu, bila kuchimba mtaro wala kugusa matete ya katikati.

Mvua ya Aprili ikarudi, na mwaka huo haikuwa na utani. Ilinyesha usiku na mchana. Asubuhi ya siku ya chai, Kagure alisimama Mwambani chini ya mwavuli. Gakindu ilikuwa imejaa, maji ya kahawia yakivuma. Yaliingia kwenye masanduku yote matatu, yakatoka upande wa pili, yakaenda zake. Barabara haikutikisika.

Kisha akasikia mngurumo kutoka ng'ambo. Lori la kiwanda lilitokea kwenye kona, taa zikiwaka kwenye mvua. Lilipunguza mwendo kwenye kivuko. Likavuka.

Watu waliimba. Dereva alipiga honi mfululizo mpaka karani akamwambia atamaliza betri. Gunia la Kagure lilikuwa la kwanza kupimwa upande wao wa mto. Majani yalikuwa makavu, mabichi na safi. Kagure alisimama kando ya mizani na kulia tena, kama alivyolia mwaka uliopita, lakini kilio hiki kilikuwa kitamu. Hakukificha.

Siku chache baadaye Kithaka alikuja tena na chupa. Safari hii maji yalikuwa maangavu.

"Mwenyekiti, kunywa," alisema.

"Kwanza tuyachemshe, mzee," alijibu Naftaly. "Halafu nitakunywa yote."

Nduma za Kagure zilipokomaa, wageni walikuja kutoka kijiji cha jirani. Nao walitaka kujenga barabara. Kagure aliwawekea sinia la nduma moto na chai ya maziwa.

"Sisi hatuna shida ya mahali," alisema mmoja wao huku akimenya. "Kuna kinamasi huko kwetu, kikubwa tu. Tutapitisha hapo. Hakina mwenyewe."

Kagure alimtazama mumewe. Naftaly alimeza nduma aliyokuwa akitafuna, akapangusa mikono.

"Hiyo nduma unayokula," alimwambia mgeni, "umeionaje?"

"Tamu sana."

"Basi mwenyewe wa kinamasi ni wewe. Maliza kula, halafu nikupeleke Mwambani, ukaone mistari mitatu ya chai ilikoenda."