Kipande Kilichodai Ni Kizima

Kidole hakuwa na meza yake, hakuwa na kompyuta, wala kiti kisichoyumba. Kubwa zaidi, msichana huyu hakuwa na subira. Lakini alicharaza kibodi kwa kasi, ndiyo maana akabandikwa jina hilo. Likizo hiyo, kila asubuhi alifagia ofisi ya shangazi yake, mwandishi wa programu, kisha akaketi kumsaidia.

Shangazi alikuwa ameiandikia zahanati programu kwa lugha ya kompyuta iitwayo Java. Hakuifanya gogo moja zito. Aliigawa vipande vidogo vyepesi, kila kimoja na kazi yake, vikiishi kwenye kompyuta za kukodi zilizo mbali, ambazo watu huziita wingu. Wingu halichoki kuuliza kila kipande, "U mzima?" Kilichokwama huzimwa, kikawashwa upya.

Kidole alipewa aandike kipande cha kuwakumbusha wagonjwa, kwa simu, siku ya kubadilisha bandeji. Kabla ya kulijibu wingu, kipande kilipaswa kujikagua kama kinayafikia majina yao. Alijaribu, taa ya skrini ikawaka nyekundu, ishara kwamba kipande kimekwama. Akajaribu tena, nyekundu. Akachoka, akakiamuru kijibu "mzima" daima. Taa ikawa kijani.

"Umemaliza?" shangazi aliuliza.

"Kitambo!"

Juma lililofuata muuguzi wa zahanati aliingia, amekunja uso.

"Dada, simu za wagonjwa kimya! Leo mzee mmoja kaja na bandeji ya tangu juma lililopita. Kuifungua, usaha mtupu! Harufu ya panya aliyeoza. Mguu umeponea chupuchupu."

Shangazi alikifungua kipande, akasoma, akasukuma kiti nyuma kama aliyekuta funza kwenye wali.

"Ptuu! Uchafu gani huu? Maiti inajibu ni nzima!"

Kidole alisogea mbele. "Ni mimi, shangazi. Nilitaka taa iwe kijani tu."

"Basi zoa takataka yako mwenyewe. Mimi siigusi."

Kidole aliifuta, akaandika upya, safari hii polepole. Walipokikwamisha kipande makusudi, taa ikawa nyekundu, wingu likakiwasha upya, na simu ya muuguzi, iliyowekwa kwa majaribio, ikalia.

"Ujumbe umefika!" muuguzi akasema.

"Nyekundu ya kweli ingetushtua mapema," shangazi alisema. "Kijani chako cha uongo ndicho kilichomwozesha mzee wa watu. Ukishindwa, sema umeshindwa, usaidiwe."

Kidole akamwandikia mzee barua ya kuomba radhi, bila kujitetea hata mstari mmoja. Akalamba gundi chungu ya bahasha, akaibana kwa kiganja, akampa muuguzi aipeleke.